Mpunga si Wali

Mwandishi mmoja ametuambia kuwa maana ya neno ni kile kitu kinachotajwa, basi. Nakataa. Aje Lumemo, hapa Ifakara. Punje ileile ikiwa shambani ni mpunga, ikikobolewa ni mchele, ikiiva ni wali. Mwingereza huweza kuziita zote kwa neno moja. Lugha ndiyo iliyochora mipaka hiyo, na kila neno limepata maana yake kwa kupakana na jirani yake. Na jina Lumemo lenyewe? Ni la mto, tena ni la kata: jina moja, vitu viwili. Tangu mwaka 1892 mwanafalsafa Gottlob Frege alishatenganisha maana na kirejelewa, yaani kitu kinachotajwa: “nyota ya asubuhi” na “nyota ya jioni” zina maana tofauti, ingawa zote ni Zuhura. Muuza mchele sokoni, ukimwomba wali, atakuelekeza kwa mama ntilie.