Ushuru ndio unaomchagulia mnywaji wa Gusii
Wanaosema wanywaji wa Kisii na Nyamira wameacha bia kwa tamaa ya ukali hawajapiga hesabu. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024, Kenya hutoza ushuru kwa kila sentilita ya alkoholi halisi: bia shilingi 22.50, pombe kali shilingi 10. Tusker ya nusu lita, yenye asilimia 4.2, ina sentilita 2.1, yaani ushuru wa kama shilingi 47. Chupa ya robo lita ya pombe kali ya asilimia 40 ina sentilita 10, ushuru shilingi 100. Kiasi hichohicho cha alkoholi kwa Tusker kinataka karibu chupa tano, na ushuru unapita shilingi 220. Mtu wa Keroka anayetia kichupa mfukoni akanywee nyumbani anafuata tu bei aliyopangiwa.

Nikisema viwango hivyo visawazishwe, nitajibiwa kwamba pombe kali ikipanda bei watu watakimbilia chang'aa. Hofu hiyo ina msingi: mwaka 2013 serikali ilipopunguza msamaha wa ushuru wa Senator Keg, bia ya bei nafuu, mauzo yaliporomoka wanywaji wakirudia chang'aa, na 2015 ikaongeza msamaha tena. Lakini kilichowavuta watu kwenye keg ni bia hafifu ya bei nafuu. Hata busaa ya wimbi, waliyoivuta wazee kwa mirija, haikukaribia asilimia 40. Tena kichupa cha pombe kali hunywewa nyumbani, na huko (hili halisemwi) hakuna saa ya kufunga kama baa. Bunge lisawazishe viwango hivyo viwili, lianze kwa kushusha cha bia.