Hodi Inapojibiwa na Ukuta



Ndugu msomaji, katika miaka ya karibuni milango ya nyumba nyingi za mijini, kuanzia Dar es Salaam na Unguja hadi Mombasa na Nairobi, imebadilika. Pale palipokuwa na komeo na mtu wa kuitika kutoka ndani, sasa pamepachikwa kisanduku kidogo chenye jicho la kioo, maikrofoni na spika. Mgeni anabonyeza kitufe. Mwenye nyumba, ambaye huenda yuko jikoni, huenda yuko kazini Posta, huenda yuko Muscat, anasikia mlio katika simu yake ya mkononi, anamwona mgeni wake na kuzungumza naye. Kamera za ulinzi zinazotundikwa sebuleni na uani nazo zimekuwa hivyo hivyo. Zamani zilikuwa na macho tu. Leo zimepewa masikio na ulimi. Makala yetu ya Ijumaa hii inahusu masikio na ulimi huo, kwani juu ya jicho yamekwishasemwa mengi.

Hatuandiki ili kuviharamisha vyombo hivi. Vitu vya matumizi ya kidunia asili yake ni halali mpaka ipatikane dalili ya kukataza, na manufaa ya chombo hiki hayafichiki. Mwanamke aliyebaki peke yake na watoto, mumewe akiwa safarini, hana tena haja ya kufungua mlango ili apambanue kati ya fundi wa umeme na mwizi aliyevaa sare ya fundi wa umeme. Bibi mwenye magoti mabovu anaweza kumwambia kijana wa maji asubiri, asiondoke, bila ya kujikokota hadi mlangoni mara mbili. Kijana anayefanya kazi London humsalimia mama yake aliyeko Tanga kupitia kamera ya ukumbini, akamkumbusha dawa zake za jioni. Haya ni mema, na anayeyadharau hajawahi kuwa na mzee anayeishi peke yake.

Lakini mlango katika dini yetu una sheria zake. Katika Surat An-Nur, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu amewakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na wakiambiwa warudi, basi warudi, kwani hilo ndilo lililo safi zaidi kwao. Mtume (S.A.W.) akafundisha kuwa ruhusa huombwa mara tatu. Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) alipoondoka mlangoni kwa Sayyidna Umar (R.A.) baada ya kubisha mara tatu bila kuitikiwa, Umar alimtaka alete shahidi wa mafundisho hayo, na Abu Said al-Khudri akasimama kumshuhudia. Hodi zetu tatu za pwani, ambazo mtoto huzijua kabla hajajua kusoma, zinakwenda sambamba na mafundisho hayo.

Adabu hizi tumezoea kuzisoma kwa upande wa mgeni. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: aliyekuwa na uwezo wa kumdhulumu mwenzake pale mlangoni alikuwa ni yule wa nje. Yeye ndiye aliyeweza kuchungulia. Imepokewa kutoka kwa Sahl bin Sa'd (R.A.) kuwa mtu mmoja alichungulia katika tundu la chumba cha Mtume, naye Mtume akakemea kwa ukali mkubwa, akabainisha kuwa kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya jicho. Majumba ya mawe ya Lamu yalijengwa yakiwa na daka mlangoni na njia inayopinda kabla ya kufika ndani, ili mpita njia asipate cha kuona hata mlango ukiwa wazi.

Chombo hiki kipya kimelipindua jambo hilo. Sasa aliye nje ndiye anayeonekana na kusikika bila ya yeye kuona wala kusikia, na aliye ndani ndiye mchunguliaji. Je, adabu zimhame mgeni zimfuate mwenye nyumba? Kwa rai yetu, ndiyo, sehemu yake kubwa.

Chukua mfano wa Jabir bin Abdillah (R.A.). Alikwenda kwa Mtume kwa ajili ya deni lililoachwa na baba yake, akabisha mlango. Alipoulizwa ni nani, alijibu kuwa ni yeye, basi, bila ya jina. Mtume akalirudia neno hilo kwa namna ya mtu asiyeridhika nalo. Wanavyuoni wakachukua hapo kuwa mgeni ajitaje jina, kwani neno "mimi" halimjulishi mtu. Sasa simama mbele ya kisanduku cha ukutani. Inatoka sauti yenye mikwaruzo, imechelewa sekunde moja au mbili njiani: "Nani? Unataka nini?" Mgeni anajitaja, anaeleza shida yake, pengine ni shida ya fedha au ya ndoa ya binti yake. Anayemsikiliza ni nani? Ni rafiki yake aliyemkusudia, au ni shemeji wa rafiki yake, au ni kijana wa nyumba hiyo aliyeko chuoni pamoja na wenzake watatu, wote wakimtazama mzee wa watu katika kioo cha simu? Programu za vyombo hivi humruhusu mwenye chombo kuwaunganisha jamaa kadhaa, na kengele moja ikalia katika simu tano. Kwa hiyo ni wajibu wa adabu kwamba sauti ya ukutani ianze kwa salamu, ijitaje, na iseme kama iko nyumbani au iko mbali. "Wa alaykum salaam, hapa ni Salim, niko kazini." Maneno manane tu, na mgeni amejua azungumze nini na anyamaze nini.

Liko na jambo jingine dogo ambalo mafundi hawalijui. Abdullah bin Busr (R.A.) amesimulia kuwa Mtume alipofika mlangoni kwa watu hakuuelekea mlango kwa uso wake, bali alisimama kuliani au kushotoni. Muislamu aliyelelewa juu ya sunna hiyo hujiweka pembeni, na kwa kufanya hivyo hutoka nje ya jicho la kamera. Tumewasikia wenye nyumba wakilalamika kuwa mgeni amejificha kama mwenye nia mbaya. Hakujificha, ana adabu kuliko kamera. Hapo ndipo sauti inapofaa kuliko picha: mwachie asimame alipozoea, muulize jina, muitikie.

Na yule aliye Dodoma anayejibu hodi ya nyumbani kwake Dar es Salaam kwa kusema, "Nipo ndani, naoga"? Wanaouza vyombo hivi hulitaja hilo kuwa ni faida kubwa: mwizi adhani nyumba ina mtu. Ulinzi wa mali na roho ni jambo la kisheria, na wanavyuoni wamezungumzia maneno ya kufumba, tauria, kwa mwenye dharura. Kusema "Siwezi kuja mlangoni sasa hivi" ni kweli tupu, na mwizi hafaidiki nayo kwa lolote. Sasa kwa nini tuwazoeze watoto wetu, wanaotusikia tukijibu, uongo usio na haja? Zipo programu zinazobadilisha hata sauti, ya mwanamke ikatoka kama ya dume zito. Kwa mwanamke aliye peke yake usiku na mtu asiyemjua yuko langoni, hatuoni ubaya. Kumchezea jirani aliyeleta sahani ya futari ni upuuzi.

Tuje kwenye masikio, na hapa ndipo penye uzito. Wengi hudhani maikrofoni ya mlangoni hufunguka pale wanapobonyeza kitufe cha kuzungumza. Sivyo. Kitufe hicho hufungua ulimi. Masikio, kwa vyombo vingi vinavyouzwa, huwa wazi tangu siku fundi alipokifunga: kila kamera inapoamshwa na mwendo wa mtu hurekodi picha pamoja na sauti, na ile yenye kadi ya kumbukumbu inaweza kurekodi usiku na mchana. Tena jicho hukomea penye ukuta, lakini sauti hupinda kona. Wazee wanaokaa katika baraza ya nyumba ya pili, wanawake wanaoagana kichochoroni, jirani na mkewe wanaozozana dirishani, wote huingia humo bila kujua.

Mahakama moja ya mji wa Oxford, Uingereza, ilikutana na jambo hili mwezi Oktoba 2021. Jirani alimshitaki jirani mwenzake aliyefunga kengele yenye kamera pamoja na kamera nyingine za kusikia. Jaji aliona kuwa kuzuia wizi ni kusudio halali, lakini akasema vyombo vile vilinasa sauti kutoka mbali kupita kiasi, mbali kuliko hata picha, na kwamba kusudio hilo lingeweza kutimizwa kwa njia isiyomwingilia mtu kiasi hicho. Mwenye kamera alionekana amevunja sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Sisi nasi tunazo sheria: Kenya tangu 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, mbali na ibara ya 16 ya Katiba inayolinda faragha ya mtu na nyumba yake.

Muislamu hakuhitaji kusubiri mahakama. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12, kupelelezana kumekatazwa. Katika hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) iliyomo kwa Bukhari, anayesikiliza mazungumzo ya watu nao hawapendi asikie ameahidiwa risasi iliyoyeyushwa masikioni mwake Siku ya Kiyama. Na imepokewa kuwa mtu akisema neno kisha akageuka kuangalia huku na huku, neno hilo limekuwa amana. Hebu mfikirie mtu huyo leo mbele ya nyumba yako. Ameangalia kulia, ameangalia kushoto, hakuona mtu, akasema siri yake. Kisanduku kimeihifadhi kwa siku thelathini.

Ndani ya nyumba mambo ni makubwa zaidi, na anayebeba mzigo mara nyingi ni dada wa kazi. Tuwe waadilifu: hofu ya wazazi ina sababu. Mwaka 2014 nchini Uganda kamera iliyofichwa na mzazi ilinasa mfanyakazi wa ndani akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo. Picha zile zilienea duniani, na mahakama ikampa kifungo cha miaka minne. Hakuna anayeweza kumwambia mama asiangalie anapolala mwanawe. Lakini kilichoushtua ulimwengu kilikuwa ni kitendo kilichoonekana kwa macho. Kumsikiliza binti huyo akizungumza na mama yake kijijini kwa simu, akilia, akitaja mshahara uliocheleweshwa, hakumlindi mtoto kwa chochote. Na wako waajiri ambao, kwa kuwa kamera ina ulimi, humkaripia kutoka kazini: "We, mbona umekaa?" Sauti inatoka darini, haina uso, haina salamu. Binti wa watu anaishi miezi mingi akiwa hana pembe ya nyumba ambamo anaweza kupumua. Tukumbuke kuwa naye ana faragha; aya ya 58 ya Surat An-Nur imezitaja nyakati tatu za kuombana ruhusa hata kwa walio chini ya mikono ya watu na watoto wasiobaleghe, yaani miongoni mwa wakaao nyumba moja.

Basi aambiwe siku ya kwanza: kamera ziko hapa na hapa, hii inasikia, hii haisikii. Chumbani kwake pasiwe na chochote. Mke naye aambiwe, na mgeni anayelala aambiwe. Mume anayefungua masikio ya sebule mkewe akiwa na wageni wake, kisha jioni akamrudishia maneno yao, ameingia katika lile lile la Ibn Abbas, hata kama kodi ya nyumba analipa yeye.

Na anayedhani kuwa ni yeye peke yake anayesikia, ajue yaliyotokea Marekani. Desemba 2019, katika jimbo la Mississippi, mtu asiyejulikana aliingia katika kamera ya chumba cha mtoto wa kike wa miaka minane, akamsemesha kupitia spika yake. Mei 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo iliishitaki kampuni ya Ring, mali ya Amazon, ikidai kuwa wahalifu walitumia njia hiyo ya kuzungumza kuwatisha na kuwatukana watu majumbani mwao, na kwamba mwaka 2017 mfanyakazi mmoja wa kampuni alitazama maelfu ya picha za wateja wanawake wasiopungua 81. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8.

Kwetu huku mlango wa hatari uko karibu zaidi. Kamera ya bei nafuu kutoka dukani hufungwa na fundi, fundi huisajili kwa simu yake ili aijaribu, huweka neno la siri la tarakimu chache, hulipwa, huondoka. Wangapi humwomba ajitoe katika programu kabla hajashuka ngazi? Fanya hivyo mbele yake. Badilisha neno la siri mwenyewe, kisha ingia kwenye mipangilio uitafute alama ya maikrofoni. Katika vyombo vingi sauti huzimika peke yake, picha ikabaki, na kengele ikabaki ikilia kama kawaida. Kamera inayotazama baraza ya jirani, anza na hiyo.

Wallahu a'lam.