Majeshi mengi Bunagana, lakini yalijibu kwa nani?



Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021 Kivu ya Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi. Mwanajeshi akakuwa gavana, polisi akakuwa naibu wake, tribinali za kijeshi zikachukua kesi za raia. Walisema jeshi na polisi wakishikana mikono, usalama utarudi. Tarehe 13 mwezi wa sita 2022 Bunagana ikaanguka kwa M23.

Kisha wageni wakaja. MONUSCO ilikuwa tayari hapa. Jeshi la Afrika Mashariki likafika, Waganda wakaingia Bunagana mwaka 2023. Mwezi wa kumi na mbili muda ukaisha, wakarudi kwao. SADC ikachukua nafasi. Mwezi wa kwanza 2025 Goma nayo ikaanguka.

Hatukatai ushirikiano. Mwenye kuvukisha bunduki mupakani hawezi kukamatwa na polisi wa upande moja tu. Shida ni hii: kila jeshi lilijibu kwa wakubwa wake, Kinshasa, Arusha, Gaborone ao New York. Kwa mama anayeuzisha pale duane, nani anajibu?

Tunadai mambo matatu: kila kikosi kitangaze kazi yake na mwisho wake, raia apate mahali pa kushitaki, mbele ya juje wa kiraia, kikiondoka, kitoe ripoti wazi, na ile ripoti isomwe kwa Kiswahili.

Inchi ni yetu. Mwenye kuilinda atupe hesabu.