"Ipo, Dada"

Semina za biashara siku hizi zina wimbo mmoja: mwenye duka la vifaa vya ofisi asiyeuza Instagram, WhatsApp na kwenye tovuti yake, kwisha habari yake. Ongeza milango, wateja watajaa. Uzushi mtupu, na umeshawatia wengi hasara.

Hakuna mtu anayelala akitamani boksi faili. Vifaa vya ofisi hununuliwa na katibu muhtasi, saa tisa alasiri, printa imegoma na bosi anasubiri ripoti ya bodi. Tom Stemberg, mmoja wa waliofungua Staples kule Marekani mwaka 1986, alisimulia kuwa wazo lilimjia alipoishiwa utepe wa printa wakati wa sikukuu ya uhuru, maduka yakiwa yamefungwa. Shida yake ilikuwa utepe, basi.

Ofisini kwetu katibu aliliandikia duka moja WhatsApp: "Kaka, tona ya 85A ipo?" Kijana wa mitandao, aliyekuwa kwao Mbagala, akajibu: "Ipo, dada." Tarishi akapanda bodaboda hadi Kariakoo. Kaunta wakamwambia ya mwisho imetoka asubuhi. Imebaki ya kopi, na bei si ile ya Instagram. Yalitukuta mara mbili, duka lile lile. Mara ya tatu hatukuuliza.

Duka hilo lina milango minne na madaftari manne: la kaunta, la simu ya kijana, la tovuti, na lile lililomo kichwani mwa mwenye mali. Kuyafanya yawe daftari moja ni kazi ya kuhesabu mzigo kila jioni, vumbi puani. Haipigiki picha, ndiyo maana semina haziitaji.

Na mteja mkubwa, mwenye LPO? Huyo anataka profoma leo, risiti ya EFD, na kulipa baada ya siku 30. Kikapu cha tovuti hakimwelewi. Anayemshika ni muuzaji anayejua shule fulani humaliza karatasi wiki ya kwanza ya muhula, akampigia mhasibu kabla hazijaisha.

Sisi sasa tunanunua kwa mama mmoja mwenye kaunta na WhatsApp tu. Ukimwuliza tona, anakaa kimya dakika tatu hivi. Amekwenda kuishika rafuni kwanza.