Keja ya Watu wa Ocha: Tamu Ukiwa Fresha, Lakini Usizeekee Humo

Msimu wa kuripoti kampasi ukifika, simama tu hapo stage ya Misikhu asubuhi, kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale. Mafresha utawajua bila kuuliza. Godoro limefungwa kamba, sanduku la shule bado limeandikwa namba ya admisheni, ndoo, sufuria mbili, na mtungi mdogo wa gesi kama mzazi ako na kitu. Pembeni kuna mathe anarudia swali lile lile tangu juzi: "Sasa huko utaishi na nani?"

Wasee, hilo swali ndilo stori ya leo. Na jibu mathe analotaka kusikia ni moja tu: na watu wetu.

KUCCPS haijali umezaliwa wapi. Unaweza kuchaguliwa Kilifi, Meru ama Chuka na hujawahi kuvuka Eldoret. Vitanda ndani ya chuo ni vichache, wengi wanaishia kutafuta keja nje. Kwa hivyo hata kabla ujue jina la dini wa kitivo chako, ushatiwa kwenye grupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa kutoka Bungoma na Trans Nzoia, na kuna msee anaandika: "Fresha wetu, kuna ploti iko na nafasi mbili, usisumbuke." Ukifika unapata ploti nzima ni mulembe kutoka geti hadi choo.

Si watu wa ocha pekee wanajipanga hivi. Kuna ploti za CU, ambapo saa kumi na moja asubuhi ukuta mzima unaomba. Kuna za wachezaji. Kuna za wale wa nasi, ambao hawalali. Lakini ile ya watu wa nyumbani ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo haina mtu anayeikalia chini kuuliza: hii kitu inatusaidia ama inatumaliza?

Nitaanza na mazuri, juu mimi mwenyewe niliishi kwa moja miaka miwili na sitajifanya sikula.

Pesa za HELB zikichelewa, na huchelewa, ploti ya watu wa ocha haiwezi kukuacha ulale njaa. Unga unachangwa, mboga inapikwa sufuria moja, hesabu baadaye. Ukiugua usiku kuna mtu anajua namba ya buda yako. Jirani yetu mmoja alifiwa na mamake katikati ya semesta. Kufikia jioni hela ya nauli ilikuwa imepatikana, na Ijumaa vijana kumi na wawili wakapanda matatu pamoja naye hadi kaburini na kurudi. Hiyo huwezi kununua kwa landilodi yeyote. Kwa msichana ni zaidi, juu keja za nje ya chuo si salama usiku, na kuwa na majirani wanaokujua kwa jina ni ulinzi.

Pia tuwaelewe wazazi. Waliokuwa huku mwanzo wa 2008 wanakumbuka uwanja wa maonyesho wa Kitale ukijaa hema za watu waliofukuzwa kwao baada ya uchaguzi, na huko Mlima Elgon vita vya ardhi vikiendelea. Mzazi aliyeona jirani akigeuka hatakwambia uende ukaishi na usiowajua. Atakwambia kaa karibu na wenu, kukiwa noma mtoke pamoja. Si ukabila kwake, ni kumbukumbu.

Shida inaanza pole pole, na hutaiona ukiwa umeshiba.

Ya kwanza ni umbea. Manze, ploti ya watu wa ocha iko na kamera bila stima. Ukikosa lekcha Jumatano, Jumamosi mamako anaulizwa sokoni Misikhu kama kijana alipona. Ukipata mpenzi wa kabila lingine, kikao kinaitwa kabla wewe mwenyewe ujue kama mko pamoja. Nilimjua dada mmoja aliyehama sio kwa sababu ya kodi, bali kwa sababu kila nguo aliyovaa ilifika ocha ikiwa imeongezwa chumvi.

Ya pili ni gharama kubwa zaidi. Miaka miwili nilibonga lugha ya nyumbani, nikala na watu wa nyumbani, nikacheka jokes za nyumbani. Wakati wa atachimenti ulipofika, ploti nzima tulikuwa tunajua ofisi zile zile tatu na mjomba yule yule mmoja. Sote tukampigia. Mjomba akazima simu. Atachimenti yangu nilikuja kuipata kupitia msee wa Meru tuliyekuwa tukikaa naye benchi moja maabara, ambaye kwa miaka miwili sikuwahi hata kumkaribisha chai. Nikikumbuka naona haya.

Ya tatu ni siasa. Kila mtu aliyepita kampasi za Kenya anajua uchaguzi wa wanafunzi ulikuwa unaendeshwa vipi: mgombea hatafuti kura moja moja, anatafuta mwenyekiti wa ploti. Ploti ya kabila moja ni gunia la kura lililofungwa tayari. Sheria ya vyuo vikuu ilirekebishwa 2016, ikaja na wajumbe wanaochaguliwa kupitia idara na vitivo, na hao ndio wanachagua viongozi, pia uongozi uonyeshe sura ya nchi. Ilipunguza kelele. Lakini sheria haijui watu wanalala wapi. Tunaelekea 2027, na wanasiasa wakubwa wanajua njia ya kufika kwa hizo ploti kuliko dini anavyoijua.

Na usidhani ni ushamba wetu. Marekani vyuo vikubwa vina hosteli rasmi za aina hii, na moja inayojulikana sana ina jina la Kiswahili: Ujamaa. Cornell walifungua yao 1972, kwa ajili ya historia na utamaduni wa watu weusi. Stanford pia wako na Ujamaa. Mabishano huko ni kama yetu tu: huyu anasema ni pahali pa mwanafunzi mweusi kupumua kwenye chuo kilichojaa wazungu, yule anasema ni kujitenga. Tofauti ni kwamba mlango wa Ujamaa uko wazi. Hata asiye mweusi anaomba nafasi anaingia, mradi amekuja kujifunza. Kwa ploti yetu tiketi ni jina lako la mwisho.

Hapa nyumbani tulikuwa na kitu bora zaidi, tumekisahau. Bakoki, wale wanaotahiriwa msimu mmoja, ile Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, hawatoki ukoo mmoja. Wanaunganishwa na kile walichopitia pamoja. Sasa ni nani umepitia naye mtihani wa kalkulasi na CAT tatu za ghafla? Ni msee wa kozi yako, awe Mturkana ama Mkamba. Huyo ndiye mkoki wako wa kampasi, na unaishi mbali naye.

Sasa geuza meza kidogo. Kibabii iko hapa kwetu Bungoma, na ilipata chata 2015. Hapo sisi ndio wenyeji. Kuna fresha kutoka Garissa ama Kisii anashuka Bungoma na godoro lake, anaingia ploti ambayo kila mtu anacheka kwa lugha asiyoijua, anabaki kuangalia simu. Yule mathe wa Misikhu anayeogopa mwanawe atatengwa Kilifi, je, nyumba zake za kukodisha amewaambia keateka wachukue nani?

Lakini pia kuchanganya watu bila mpango si dawa. Makerere hapo Uganda holi zake hazikuwa za kabila, lakini mwanafunzi wa Lumumba alikuwa wa Lumumba hadi kufa, na Lumumba na holi ya wasichana ya Mary Stuart wakawa kama mke na mume, wakiitwa Lumbox. Raha sana, na fujo pia. Holi ya Northcote ilikuwa na roho ya kijeshi hadi ikabadilishwa jina, ikawa Nsibirwa. Binadamu mpe ukuta na jina, ataanza kuimba.

Binamu yangu ameitwa Pwani mwaka huu. Grupu ashaingizwa, na ploti ya watu wa ocha imepatikana. Mathe wake alitaka tulipe mwaka mzima tupate kupunguziwa. Nimetuma ya semesta moja tu, na nimemwambia kijana namba ya keja ya pili ataitafuta mwenyewe, kutoka darasani kwake. Mathe bado hajanijibu simu.