Taa nyekundu haisubiri ufike Gairo

Kwa sisi wa Dodoma: gari nyingi za Vitz na Passo hazina mshale wa joto la injini, zina taa tu. Ya bluu asubuhi ni injini bado baridi, itazimika yenyewe. Ikiwaka nyekundu, paki pembeni, zima gari, na usifungue mfuniko wa rejeta mpaka ipoe. Taa ya oili ikiwaka safarini, paki pembeni na uzime papo hapo. Usijipe moyo kwamba utafika Gairo, injini inaweza kufa njiani.

Unayenunua gari lililotumika, zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa za onyo ziwake kwanza. Isiyowaka, hasa ya oili au erbegi, huenda imechomolewa kuficha ubovu. Usilipe kabla fundi umeme hajaikagua.