Mzazi na Mtoto: "Usiwaze sana" haimtoshi mwanafunzi

 

Mwezi huu tumepokea barua ya baba na mama mmoja. Tunaifupisha, na mambo mengine tumeyabadilisha ili wasijulikane. Mtoto wao wa kwanza alipata bursi, sasa yuko mwaka wa kwanza chuo kikuu. Siku aliyoondoka bloku nzima ilimsindikiza. Lakini sasa anapiga simu usiku wa manane. Anasema halali, darasani haelewi, na kila akifungua daftari anasikia kichwani kama sauti inayomwambia: "Wewe si wa hapa." Baba amemjibu: "Usiwaze sana, soma." Mama amemwambia asali na asahau yaliyopita. Wanatuuliza: mtoto wetu amepata ugonjwa? Tumrudishe?

Tuanze na swali la ugonjwa. Hatuwezi kumpima mtu kwa barua, hilo ni la daktari. Ila tunaweza kuwaambia kwamba mtoto wenu hayuko peke yake. Mwaka 2018 watafiti wa mradi wa Shirika la Afya Duniani walitoa matokeo ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza karibu 14,000, kutoka vyuo 19 vya nchi 8, zikiwemo Afrika Kusini, Ujerumani, Mexico na Marekani. Katika kila wanafunzi 100, kama 31 walikuwa wameonyesha dalili za tatizo la afya ya akili ndani ya miezi 12 iliyopita: huzuni nzito, wasiwasi usiokwisha, ulevi na mengine. Na wengi wa hao ni watoto wenye nyumba ya kurudi likizo.

Sasa mchukueni mtoto wa kambini. Mwaka 2019 ripoti ya elimu ya UNHCR ilihesabu kwamba katika kila vijana wakimbizi 100 duniani ni 3 tu waliokuwa masomo ya juu. Ripoti ya 2024 ilitaja 7. Imepanda, ndiyo, na bursi kama ile ya DAFI, iliyoanza mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani, imesaidia wengi. Lakini 7 kati ya 100 maana yake ni kwamba huyo aliyepita amebeba macho ya wale 93. Amesoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza, anafika anakuta profesa anaongea Kiingereza cha haraka. Wenzake wanamuuliza "kwenu ni wapi?" na hajui ajibu mji aliozaliwa au kambi aliyokulia.

Tena tuseme ukweli ingawa unauma. Wapo wazazi ambao kabla ya kumuuliza mtoto amelala vipi, wanamuuliza bursi imeingia lini, maana mdogo wake anahitaji viatu. Shida ipo, hatukatai. Lakini mtoto anayegawa pesa ya chakula chake na kutuma nyumbani, halafu anaambiwa asiwaze, huyo anaombwa kitu kisichowezekana.

Ndipo tunafika kwenye hilo neno "usiwaze". Sote tunalitumia. Linatoka kwenye moyo wa huruma. Bahati mbaya, watafiti wamelipima, na halifanyi kazi tunayolituma.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake walichukua wanafunzi wa chuo kimoja cha Texas, Marekani. Waliwaambia waseme kwa sauti kila linalowajia kichwani kwa dakika 5, ila wasimuwaze dubu mweupe. Akiwajia, wagonge kengele. (Sisi dubu hatumjui, basi wewe weka kiboko mweupe, ni yaleyale.) Kengele ziligongwa zaidi ya mara moja kwa dakika. Ajabu zaidi ni kilichofuata. Waliporuhusiwa kumuwaza dubu, wale waliokuwa wamemzuia kwanza walimuwaza kuliko wenzao waliokuwa wameruhusiwa tangu mwanzo. Wazo ulilolifukuza mlangoni lilikuwa limezunguka nyuma ya nyumba. Kama ni hivyo kwa mnyama wa kuwaziwa tu, itakuwaje kwa usiku ule mliovuka ziwa?

Baadaye Steven Hayes wa Chuo Kikuu cha Nevada na wenzake walijenga namna nyingine ya kusaidia watu, wakaiandikia kitabu mwaka 1999. Hawakumfundisha mtu kufukuza mawazo mabaya. Walimfundisha kukaa nayo bila kutawaliwa nayo, huku akiendelea kufanya lile analoliona lina maana katika maisha yake. Uwezo huo tunaweza kuuita kwa Kiswahili unyumbufu wa akili. Neno gumu, lakini kitu chenyewe mnakijua. Mnapojenga nyumba mnachagua fito mbichi, kwa sababu inakunjwa, inazungushwa na haikatiki. Fito kavu ni ngumu, inaonekana ina nguvu, ukiikunja tu, paa! Mtu mwenye unyumbufu anaogopa na analia kama wengine. Tofauti ni kwamba anaweza kusema "leo naogopa" na bado akaingia darasani.

Wanaupima kwa maswali. Kipimo kimoja kinachotumika sana, kilichotolewa mwaka 2011, kina sentensi 7 tu, kila moja mtu anajipa alama 1 hadi 7. Zinahusu mambo kama kumbukumbu chungu zinavyomzuia mtu kuishi anavyotaka. Tafiti nyingi kwa wanafunzi wa nchi mbalimbali, hasa miaka ile ya korona, zimekuta kwamba wenye unyumbufu mdogo ndio pia wenye huzuni na wasiwasi mwingi. Hapo mtu mwenye akili atauliza: kipi kimemzaa mwenzake? Swali zuri. Mtu akishazidiwa na huzuni, hata kunyumbuka kunamtoka. Kwa hiyo haitoshi kupima, lazima kujaribu kufundisha na kuona.

Wamejaribu. Kule Finland, Chuo Kikuu cha Jyväskylä kilitengeneza mafunzo ya wiki 7 kwenye intaneti, mwanafunzi akiongozwa na mwenzake anayesomea saikolojia. Jaribio lilikuwa la wanafunzi 68, matokeo yakatoka 2016. Waliopitia mafunzo walipungukiwa na msongo na huzuni, na mwaka mmoja baadaye nafuu ilikuwa bado ipo.

Mtasema: Finland ni Finland, wana umeme na kitanda. Haya, sasa tuje kwa jirani. Kaskazini-magharibi mwa Uganda kuna makazi ya wakimbizi yanaitwa Rhino Camp. Huko Shirika la Afya Duniani na wenzake walijaribu mafunzo yaliyojengwa juu ya mawazo hayohayo, kwa kinamama wa Sudan Kusini 694 wa vijiji 14. Hawakuletewa madaktari. Walikaa kikundi cha watu 20 hadi 30, saa 2 kwa wiki, kwa wiki 5, wakisikiliza maelezo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, na wanawake wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi wakiongoza. Kila mmoja alipewa kitabu cha picha. Vijiji vingine vilipata ziara ya mhudumu wa afya wa jamii na ushauri wa kawaida. Matokeo yalichapishwa 2020: waliokaa kwenye vikundi walipungukiwa na uchungu wa moyo kuliko wenzao, na baada ya miezi 3 tofauti bado ilionekana, ingawa ilikuwa imepungua.

Kwa Wasiria 642 waliokimbilia Uturuki, ilikuwa hivi: baada ya miezi 6, waliokuwa wamepata ugonjwa wa akili ni kama 22 kwa kila 100 katika waliofundishwa, na 41 kwa kila 100 katika wasiofundishwa. Lakini kwa wakimbizi 459 waliojaribiwa katika nchi 5 za Ulaya, baada ya miezi 6 hakukuwa na tofauti. Tunawaambia hili kusudi, ili asije mtu kuwauzia mafunzo haya kama dawa ya kila kitu.

Katika kitabu hicho cha picha kuna mfano wa ndoana, na sisi tuliokulia kando ya Ziwa Tanganyika unatuingia haraka. Wazo gumu linamnasa mtu kama ndoana inavyomnasa samaki. Akinasa, anavutwa mbali na lile alilokuwa anafanya. Mama anapika, ghafla mawazo yamemchukua, ugali umeungua na mtoto amechapwa bila kosa. Namna ya kujinasua si kupigana na ndoana. Kwanza tambua umenaswa. Pili lipe wazo jina: "Hapa kuna wazo linaloniambia mimi si wa hapa." Ona tofauti: "mimi si wa hapa" ni hukumu, lakini "kuna wazo linaloniambia" ni kitu unachokitazama. Tatu rudisha akili kwenye kilicho mbele yako: miguu chini, sauti ya profesa, kalamu mkononi. Wazo likirudi, na litarudi, unafanya tena. Ni mazoezi, kama kuendesha baiskeli yenye mzigo wa kuni.

Kuna jambo ambalo tumelijadili sana hapa ofisini. Mafunzo haya yanazungumza juu ya kukubali. Mwenzetu mmoja akasema: "Mkimbizi mmeshamwambia akubali mangapi? Akubali mgao upunguzwe, akubali kutotoka bila kibali, sasa akubali na uchungu?" Tunaona ana haki ya kuuliza. Jibu letu ni kwamba anayekubaliwa hapa ni mgeni wa ndani, yaani hofu, huzuni, kumbukumbu. Dhuluma haikubaliwi. Mtu anaweza kukiri "nina hasira" na papo hapo akaandika malalamiko yake vizuri, akayapeleka panapohusika, bila kupiga mtu. Tena huyo ndiye atakayeandika vizuri. Lakini yeyote atakayekuja kuwafundisha kunyumbuka ili mnyamaze, huyo muulizeni ametumwa na nani.

Sasa tuwajibu wazazi wetu. Akipiga simu usiku, msianze na ushauri. Mama amuulize: "Inakubana sehemu gani, kifuani au kichwani? Imeanza saa ngapi?" Mwacheni aseme mpaka mwisho, hata vocha ikikata atapiga tena. Msimwambie wenzake wangelilia nafasi hiyo, hilo analijua kuliko ninyi, ndilo linalomnyima usingizi. Na sala haikatazwi hapa. Tunachosema ni kwamba kumwambia mtoto asali ili asahau ni tofauti na kumwambia asali akiwa na uchungu wake.

Halafu baba amuulize swali hili: "Ulipochagua masomo haya, ulitaka kuwa mtu wa namna gani?" Sio atapata kazi gani. Mtu wa namna gani. Akisema, kwa mfano, alitaka kuwa muuguzi kwa sababu aliona dada yake akijifungua njiani, basi kesho asiangalie mtihani wa mwisho wa mwaka. Aangalie jambo moja dogo linaloelekea huko: kumuuliza profesa swali moja, au kukaa na mwanafunzi mmoja anayejua Kiingereza na kusoma naye ukurasa mmoja. Vyuo vingi vina mshauri wa wanafunzi, na bursi nyingi zina mtu wa kufuatilia. Amwone. Watoto wetu wanaogopa kwamba wakisema wamechoka watanyang'anywa bursi, lakini kukaa kimya hadi kufeli ndiko kunakoihatarisha zaidi.

Kumrudisha? Sisi tunasema msiharakishe, na msimfunge pia. Mwambieni waziwazi kwamba mlango wa nyumba haujafungwa, na kwamba akikosa mtihani bado ni mtoto wenu. Mtoto anayejua anaweza kurudi huwa na nguvu ya kubaki. Muhula ukiisha bado hali ni hiyo, ombeni chuo kimruhusu kupumzika kwa utaratibu wa maandishi, asitoroke tu.

Lakini zipo dalili ambazo hazingoji muhula. Akiacha kula, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akianza kugawa vitu vyake, au akisema afadhali nisingekuwepo, hilo si suala la mazoezi ya kitabu. Mpigieni rafiki yake wa chumbani usiku huohuo asimwache peke yake, na afikishwe hospitali. Msiogope kumuuliza kwa uwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, na mara nyingi ndiyo mara ya kwanza anapata mtu wa kumwambia. Walio hapa kambini wenye hali hiyo waletwe kituo cha afya wakati wowote, hata usiku, na mtu wa familia asibaki nyumbani kwa aibu.

Wenye watoto vyuoni wanaotaka kukutana na wenzao waandike jina na bloku, watie karatasi kwenye sanduku la barua la safu hii. Wasiojua kuandika wamtume mtoto wa shule. Tukipata familia za kutosha tutaomba nafasi ya kukaa pamoja Jumamosi.